Kuzamia upande wa Atlantiki wa Cape Town: usome upepo kabla hujachagua mwamba

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzamiaji wa Tanga. Cheti changu cha pili nilikipata Nungwi, kinaniruhusu kwenda hadi mita 30, na nimezoea Mnemba na mara chache Leven Bank. Januari naenda Cape Town kikazi kwa wiki tatu, na wikiendi zangu ziko wazi. Nimesikia upande wa Atlantiki una misitu ya mwani na meli zilizozama, ila nimesikia pia kwamba baridi yake haina mchezo. Nianzie wapi, na nijiandae vipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umepata mwezi mzuri, na maeneo nitakutajia, tena kwa majina. Ila kwanza niruhusu nipange upya swali lako. Huku kwetu unaamka unajua leo ni Mnemba. Kilichobaki ni kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Upande wa Atlantiki wa Cape hauendi hivyo. Pale upepo na mawimbi ndiyo yanayosema leo ni wapi, na siku nyingine yanasema leo si popote. Mtu akifika na jina la mwamba mmoja na tarehe moja, mara nyingi anarudi nyumbani hajalowa, au analazimisha, na kulazimisha kwenye majabali yale ndiko kunakoumiza watu. Wewe una wikiendi tatu. Nenda na majina matano, kisha uache hali ya hewa ikuchagulie.

Januari huku kwetu ni kaskazi. Kule ni msimu wa upepo wa kusini-mashariki, unaovuma kuanzia kama Oktoba hadi Machi, na wenyeji wameubandika jina la Daktari kwa sababu husafisha hewa ya mji. Upepo huo unavuma sambamba na pwani. Kwa kuwa dunia inazunguka, maji ya juu katika nusu ya kusini ya dunia hupinda kushoto kwa mwelekeo wa upepo, na kushoto kwa upepo huu ni bahari kuu. Kwa hiyo maji ya juu yanasukumwa kwenda mbali na nchi kavu, na nafasi yake inajazwa na maji yanayopanda kutoka chini, ya baridi na yenye virutubisho vingi.

Hapo ndipo mzamiaji wa kwetu anapochanganyikiwa: kiangazi ndicho chenye maji ya baridi kuliko majira mengine. Upepo ukivuma siku mbili tatu, kipimo kinaweza kushuka hadi nyuzi 10, hata 8, huku watu wameanika miili juani pale Clifton. Wakati wa baridi, mwezi wa Julai, maji hayohayo huwa nyuzi 12 hadi 15. Lakini maji yanayopanda ni safi. Baada ya siku mbili za kusini-mashariki unaweza kuona mita 15, mita 20 na zaidi, kwa rangi ya bluu ambayo hutaitarajia kwenye maji ya namna ile. Upepo ukitulia na jua likapiga, virutubisho vile vinalisha vijimea vidogo vya baharini, na katika siku chache maji yanakuwa ya kijani, unaona mita 3 au 5 tu. Kwa hiyo siku yako nzuri ni ile inayofuata upepo mkali, wakati vijimea havijapata nafasi ya kuzaana. Fuatilia utabiri tangu Jumatano. Kusini-mashariki ikipiga kwa nguvu Jumatano na Alhamisi kisha ikapungua Ijumaa, usipange kitu kingine Jumamosi asubuhi.

Jambo la pili ni mawimbi. Maji kujaa na kupwa hakutakusumbua sana, kwani bamvua ya kule ni kama mita moja na nusu hadi mbili, wakati Unguja tunafika karibu mita 4. Kinachotawala ni mawimbi marefu yanayosafiri kutoka bahari ya kusini kabisa, ambako dhoruba hazikatiki mwaka mzima. Yanaweza kufika siku ambayo Cape Town hakuna hata upepo wa kupeperusha leso. Ukisoma utabiri usiishie kwenye urefu wa wimbi. Tazama pia sekunde kati ya wimbi na wimbi. Wimbi la sekunde 8 lina umbali wa kama mita 100 kutoka kilele hadi kilele, na la sekunde 14 ni kama mita 300. Mwendo wa maji chini ya wimbi hufika kina cha takriban nusu ya umbali huo, na kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo nguvu yake inavyobaki nyingi huko chini. Kwa hiyo mita mbili za sekunde 8 unaweza kuzamia vizuri, na mita mbili za sekunde 14 zikakubeba hatua kadhaa mbele, zikakurudisha nyuma, ukiwa mita 12 chini, katikati ya majabali. Mimi kwa mtu anayeingia bahari ile kwa mara ya kwanza huweka mpaka hivi: mita 2.5 au sekunde 12, kimojawapo kikizidi hapo nasubiri. Kama unaingilia ufukweni badala ya boti, shusha hadi mita moja na nusu.

Kuna mtego mmoja wa kusini-mashariki ambao mgeni hauoni. Upande wa Atlantiki umekingwa na milima, kwa hiyo bahari karibu na ufuko hulala shwari na inakualika. Lakini upepo unashuka kutoka juu ya safu ya Mitume Kumi na Wawili kwa vishindo, na unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Ukiibuka mita 200 nje ya mahali ulipopanga, utakuwa unaogelea dhidi yake na mtungi mgongoni, na kila dakika unasogea kuelekea Brazili. Boya la kuashiria la rangi kali, kibiringo cha kamba na filimbi ni lazima kila mmoja wenu awe navyo, hata kwa mbizi ya ufukweni. Waokoaji wa kujitolea wa NSRI, shirika la uokoaji baharini la Afrika Kusini, wana vituo Bakoven na Hout Bay, na wanafanya kazi iliyotukuka. Namba yao iwe kwenye simu ya mtu anayebaki nchi kavu, anayejua mnatarajiwa kutoka saa ngapi.

Sasa baridi. Suti yako ya milimita 3 iache Tanga. Utahitaji suti ya milimita 7 ya vipande viwili inayobana vizuri, kofia ya mpira, glavu na viatu, au suti kavu, ile isiyoingiza maji, kama umefundishwa kuitumia. Usijifunze suti kavu kwa mara ya kwanza kwenye majabali. Vifaa vyote hivyo vinakodishwa kule. Unapojaribu suti, inama, chuchumaa, nyanyua mikono juu. Mahali penye nafasi mgongoni au kwapani ndipo maji ya nyuzi 10 yatakapoingia kila unapogeuka.

Mpira mnene unaelea, kwa hiyo mkanda wako wa uzito utabadilika. Ukiwa Mnemba na kilo 4, usishangae kule kuambiwa kilo 10 au zaidi. Lakini usikubali namba ya mtu mwingine bila kuijaribu. Pia mitungi: huku kwetu umezoea ya aluminiamu, ambayo ikikaribia kuisha huanza kuelea. Kule utapewa zaidi ya chuma, ambayo hubaki mizito hadi mwisho, na hiyo inakupunguzia kilo kadhaa kwenye mkanda. Jaribio ni lilelile ulilofundishwa: mtungi ukiwa na baa 50 za msukumo wa hewa, jaketi la kuelea halina hewa, umeshika pumzi ya kawaida, maji yawe usawa wa macho. Kumbuka pia kwamba suti ya milimita 7 hubanwa na kina. Ukifika mita 20 imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuelea, utajaza hewa kwenye jaketi, na wakati wa kupanda suti inavimba tena na jaketi linavimba nayo. Mzamiaji wa maji ya moto akisahau hilo, anapaa. Anza kutoa hewa mapema, kidogo kidogo, tangu unapoanza kupanda.

Regyuleta, yaani kifaa cha kupumulia kutoka mtungini, iwe ya kufaa maji baridi. Kipimo cha Ulaya huhesabu maji kuwa ya baridi yakiwa chini ya nyuzi 10, na hapo ndipo regyuleta ya kawaida inaweza kuganda kwa ndani na kuanza kumwaga hewa bila kusimama. Mwambie anayekukodisha kwamba unakwenda Atlantiki, mwachie yeye akupe inayostahili. Na usiibonyeze kuijaribu muda mrefu ukiwa juu ya boti kwenye upepo.

Hayo yote ni ya kununua au kukodi. Lisilokodishwa ni dakika tatu za kwanza. Maji ya nyuzi 10 yakikugusa uso na shingo, mwili unavuta pumzi kwa nguvu bila kukuuliza. Kifua kinakuwa kama kimefungwa mkanda, kofia ya mpira inabana koo, na akili inakuambia regyuleta haitoi hewa. Inatoa. Ni mshituko wa ngozi. Hufikia kilele ndani ya dakika moja hivi na hupungua ukiupa muda. Kwa hiyo usishuke mara moja. Ingia, shika kamba ya boti, vua miwani, ujimwagie maji usoni, uvae tena, regyuleta mdomoni, na uhesabu pumzi ndefu za kutoa, za kutoa hasa, mpaka usikie zinarudi kwenye mwendo wako. Mwambie mwenzako mapema kwamba utafanya hivyo ili asikuharakishe. Nimewaona wazamiaji hodari wa Pemba, watu wanaocheza na mikondo, wakirudi botini hapohapo juu ya maji kwa sababu hakuna aliyewapa dakika hizo.

Halafu vidole. Na glavu za milimita 5 hutakihisi kitufe cha kujaza hewa, wala hutakitofautisha na cha kutoa. Baada ya nusu saa vidole vyenyewe vimekufa ganzi. Kaa chumbani kwako, vaa glavu, fumba macho, ushike mrija wa jaketi, utafute kitufe kwa kidole gumba. Fungua na ufunge klipu ya boya. Toa mkanda wa uzito. Rudia mpaka mkono uende wenyewe. Ni zoezi la jioni moja na lina faida kuliko kifaa chochote utakachokodi.

Hewa utaitumia haraka kuliko ulivyozoea, na mwili uliopoa hutoa polepole naitrojeni uliyoivuta ukiwa chini, kwa hiyo weka kompyuta yako ya kuzamia kwenye mpangilio wa tahadhari zaidi. Dakika 40 za mbizi nzuri zinatosha. Ukianza kutetemeka, mbizi imekwisha, hata kama mtungi una baa 120.

Tuje kwenye msitu. Kule kinachotawala ni mwani mkubwa uitwao kelpu. Usiulinganishe na mwani wa Paje na Jambiani, ule unaofungwa kwenye kamba. Huu una shina lenye uwazi ndani, limejaa gesi, lenye kitumba juu kinachoelea, na linaweza kupita mita 10 kutoka mwambani hadi usoni mwa maji. Juu ya kitumba majani mapana yanasambaa na kutengeneza dari. Ukiwa chini, mwanga unashuka kwa mistari kati ya mashina, na kila wimbi likipita msitu wote unalala upande mmoja kisha unanyanyuka na kulala upande wa pili. Ifuate hesabu yake: wimbi likikupeleka unakokwenda, ogelea, likikurudisha, tulia, shika mwamba kwa kidole kimoja. Ukishindana nalo utamaliza hewa na hutakuwa umetoka mahali.

Watu huogopa kunaswa. Kinachonaswa ni vitu vinavyoning'inia: kipimo cha hewa, tochi, mikanda mirefu ya mapezi. Bana kila kitu mwilini. Ukihisi kitu kimekushika mgongoni usizunguke, kwani kuzunguka ndiko kunakokufunga. Simama, rudi nyuma kidogo kwa njia uliyojia, mwenzako atakutoa. Majani yanachanika kwa mkono. Shina ni gumu, usipoteze nguvu zako kwalo. Na usipandie kwenye dari. Tafuta tundu la mwanga ukiwa bado chini na hewa ya kutosha. Ikitokea umeibuka katikati ya majani, weka regyuleta mdomoni, lala kifudifudi, yasukume majani chini ya kifua chako uyapite juu polepole, bila kupiga mapezi kwa fujo.

Sasa majina.

Nakushauri mbizi ya kwanza kabisa usiipige Atlantiki. Siku upepo umetulia nenda Long Beach, Simon's Town, upande wa pili wa rasi, ndani ya ghuba ya False Bay. Ni mchanga, ni kina kidogo, kuingia ni kutembea tu. Hapo ndipo utakapopima uzito, glavu, kofia na hizo dakika tatu. Maji ya ghuba ile kiangazi huwa na joto zaidi, yanaweza kufika nyuzi 20, basi mwili wako utapata daraja la kuvukia.

Ukishatoka hapo, Oudekraal. Iko kati ya Camps Bay na Llandudno, chini ya ile milima ya Mitume, na pwani yake ni majabali ya graniti ya mviringo, mengine makubwa kuliko nyumba, yaliyopandana ndani ya maji vilevile kama yalivyopandana nje. Pale pana eneo linaloitwa Coral Gardens na lingine linaloitwa Justin's Caves. Usitarajie matumbawe ya kwetu wala mapango ya kweli. Ni mianya na vichochoro chini ya majabali, unaingia huku unatokea kule, mwanga unauona muda wote, na sehemu kubwa haipiti mita 15. Siku ya mawimbi madogo hakuna mahali ninapopapenda zaidi kwenye pwani ile yote.

Ukifika pale usikimbie. Wageni wengi wanaogelea wakitafuta samaki kwa wingi kama wa Mnemba, hawawaoni, wanasema pamekufa. Samaki wa kule ni wachache wa aina na rangi zao zimefifia. Uhai wote umejibandika kwenye jiwe. Chagua mwamba mmoja wenye kivuli, sogeza uso hadi shubiri moja, uwashe tochi. Utaona eneo la kiganja chako tu likiwa na anemone wa waridi waliosongamana, kila mnyiri umeishia kwenye kinundu cheupe. Pembeni yake sponji la chungwa, viti vya pweza, na wale wenye mikono kama manyoya ambao hujikunja ukiwapulizia mapovu. Ukibahatika yuko konokono asiye na gamba, ambaye wenyeji wamempa jina la mwali wa gesi, mwili mzima umejaa vidole vyenye ncha za rangi kali. Haishi popote duniani isipokuwa Afrika Kusini. Mbizi nzima unaweza kuimalizia kwenye majabali matatu, na ndiyo mbizi nitakayokusifu.

Karibu na hapo kimelala kipande kikubwa cha historia. Mwaka 1698 meli ya Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki, Het Huis te Kraaiestein, iligonga miamba ya Oudekraal. Mwamba mmoja jirani unaitwa hadi leo Geldkis, yaani sanduku la fedha, na hilo linakuambia watu wamekuwa wakitafuta nini pale kwa karne tatu. Ukisogea kidogo kuna Antipolis, meli ya mafuta iliyopanda miamba mwaka 1977. Ilikuwa inavutwa pamoja na nyingine, Romelia, nyuma ya tagi moja, yaani meli ya kuvuta, kamba zikaponyoka, hii ikaishia Oudekraal na ile Llandudno. Antipolis imelala maji madogo na kwa kukata tamaa ya wengi imebaki mabati, lakini sili, kambakoche na samaki wa mianyani wamefanya makao humo. Siku ya mawimbi haifikiki kabisa.

Wikiendi ya pili panda boti Hout Bay. Dakika chache nje ya bandari, nyuma ya mlima Karbonkelberg, iko Maori Bay. Ghuba hiyo imechukua jina la meli ya Maori, iliyokuwa inatoka London kwenda New Zealand, ikagonga miamba Agosti 1909 usiku, na watu 32 wakafa. Shehena yake ilikuwa ya kujengea nchi mpya: reli, mabomba, vyombo vya udongo. Imelala kuanzia kina cha takriban mita 20 kwenda juu, na mabomba bado yamepangana vilevile kati ya majabali. Ng'ambo yake ndani ya ghuba hiyohiyo kuna mbili katika moja: Oakburn ya mwaka 1906, na juu yake jahazi kubwa la kreni, BOS 400, lililokuwa likivutwa na tagi ya Kirusi kutoka Congo kuja Cape Town mwaka 1994, kamba ikakatika katika dhoruba ya Juni. Sehemu ya BOS iliyo nje ya maji imekuwa ikibomoka mwaka hadi mwaka. Litazame kwa mbali kidogo, usiogelee chini ya vyuma vinavyoning'inia, na mawimbi yakiwepo usiingie ndani yake hata kama kiongozi anasema watu huingia.

Aster iachie wikiendi ya tatu, kama mbili za kwanza zimekwenda vizuri. Ilikuwa meli ya uvuvi, ikasafishwa na kuzamishwa makusudi mwaka 1997 ndani ya Hout Bay ili wazamiaji wapate pa kufanyia mazoezi. Imesimama wima kwenye mchanga, kama mita 28. Cheti chako kinaruhusu; baridi ndiyo itakayoamua. Mita 28 kwa nyuzi 10 si sawa na mita 28 za Leven Bank: akili inazubaa mapema, hewa inakimbia, na suti imebanwa ikawa nyembamba wakati unapoihitaji zaidi. Vulcan Rock, jabali linalochomoza karibu na mdomo wa ghuba, lina kuta nzuri kuliko zote lakini liko wazi kwa kila wimbi. Ukiambiwa leo haliendeki, kubali bila kubishana.

Kuhusu sili: boti nyingi zitakupeleka kisiwa cha Duiker, ambako kundi kubwa lao limejaa miambani, na kina ni mita chache tu. Wadogo wao watakujia hadi kwenye miwani, watageuka kichwa chini wakutazame, watavuta pezi. Ni furaha kubwa. Lakini mwaka 2024 ilithibitishwa kuwa kichaa cha mbwa kimewaingia sili wa pwani ile. Usinyooshe mkono, usiwakaribie wewe, waache waje na waende. Sili aliyetulia kupita kiasi, au anayeshambulia bila sababu, ni wa kuondokewa papo hapo. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi na uende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Usingoje kurudi Tanga.

Papa unaoweza kukutana nao huko ni wadogo wa chini, wenye mistari au madoa. Mmoja wao akishtuka hujikunja duara na kujifunika macho kwa mkia. Mwache ajikunjue mwenyewe.

Yote niliyokutajia upande wa Atlantiki yamo ndani ya hifadhi ya bahari ya Table Mountain, iliyotangazwa mwaka 2004, na unahitaji kibali cha kuzamia. Mwulize mwenye boti kama anakukatia au ujikatie mwenyewe. Usichukue kambakoche wala yule konokono mkubwa wa abaloni, hata ganda. Ujangili wa abaloni umeitafuna pwani ile, na mzamiaji mwenye moja mfukoni anahesabiwa miongoni mwa majangili. Sheria ya urithi ya mwaka 1999 nayo inalinda kila meli iliyozama zaidi ya miaka 60. Kipande cha sahani ya Maori ukikiona, kipige picha, kiache.

La mwisho ni la mlima, na nimekuwekea hapa kwa sababu wengi hawaambiwi. Kila mgeni wa Cape Town hupanda Table Mountain, na kigari cha nyaya kinakufikisha zaidi ya mita 1,000 juu kwa dakika chache. Miongozo ya kuruka kwa ndege baada ya kuzamia huanza kuhesabu kuanzia kama mita 600. Kwa hiyo mlima ni kama ndege: saa 12 baada ya mbizi moja, saa 18 kama umezamia mara kadhaa au siku mfululizo, na mimi ningekaa saa 24 kwa sababu ya ile baridi. Panda mlima Ijumaa jioni kabla ya kuzamia Jumamosi, na wikiendi ya mwisho uzamie Jumamosi asubuhi tu ikiwa ndege yako ni Jumapili usiku au Jumatatu.